Nchi ya Furaha, Mwisho wa Reli, na Heri ya Mlimani



Somo la leo limetokana na swali lililoulizwa kwenye kikao cha vijana. Kijana mmoja alikuwa ameangalia video ya Bhutan, ule ufalme mdogo wa Kibuddha kwenye milima ya Himalaya, kati ya India na China. Akasema hivi: "Wale wanapima furaha ya watu badala ya pesa. Mimi nikipata nauli naenda. Je, Mkristo kutamani kuishi nchi ya Wabuddha kwa sababu wana furaha ni kosa? Na mbona sisi tunaosali kila siku hatuna furaha kama wao?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zito, na jibu la dakika tano lisingetosha. Basi tulichukue polepole.

Kwanza tuijue hiyo nchi yenyewe. Bhutan ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 38,000. Sasa chukua mkoa wetu wa Kigoma, ondoa maji ya ziwa, nchi kavu inayobaki ni kama kilomita za mraba 37,000. Yaani ni karibu sawa kabisa! Tofauti iko kwa watu. Sensa yao ya 2017 ilihesabu watu wapatao 727,000. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu mkoa wa Kigoma peke yake karibu watu milioni 2.5. Kwa hiyo mtu wa Kasulu au Uvinza akiambiwa "nchi ndogo" asidhani ni kijiji. Ni Kigoma nyingine, ila imesimamishwa wima, ina theluji, na haina ziwa la kuogelea.

Kwa miaka mingi walifunga milango. Watalii wa kwanza waliruhusiwa mwaka 1974. Televisheni na intaneti viliingia 1999. Katiba yao ya 2008 inaagiza kwamba angalau asilimia 60 ya nchi ibaki msitu siku zote. Kupanda vilele virefu hawaruhusu, kwa heshima ya milima, na hivyo kilele chao kirefu kuliko vyote, Gangkhar Puensum, hakijawahi kukanyagwa na mtu mpaka kileleni.

Na safari? Hebu tuipige hesabu, maana wengine mnapenda kuota bila kalamu. Kutoka Kigoma unapanda treni au basi mpaka Dar es Salaam, halafu ndege mpaka mji kama Delhi au Bangkok, halafu ndege nyingine inayotua Paro, katikati ya milima, kiwanja ambacho ni marubani wachache tu wenye kibali cha kutua. Ukishafika, serikali yao inamtoza mgeni mtu mzima dola 100 kwa kila usiku (raia wa India wana bei yao). Hiyo ni tangu Septemba 2023. Kabla yake kwa mwaka mzima ilikuwa dola 200. Yaani zaidi ya laki mbili za kwetu kila usiku, kabla hujala wala hujalala. Lengo lao ni wageni wachache, na hela hiyo wanasema inakwenda kwenye afya, elimu na misitu. Sioni ubaya wake. Ila kumbuka kwamba video nyingi unazoziona zimepigwa na watu walioweza kulipa.

Sasa tuje kwenye furaha. Mfalme wao wa nne, Jigme Singye Wangchuck, alirithi kiti mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 16 tu. Ndiye aliyeleta wazo kwamba furaha ya taifa ina uzito kuliko pato la taifa. Baadaye wazo likatengenezewa vipimo: nyanja 9 na viashiria 33. Wanatuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza. Wanauliza kuhusu afya, elimu, hali ya maisha na utawala bora, hayo tumezoea. Lakini wanauliza pia muda unaolala na unaofanya kazi, kama unawaamini majirani zako, kama unajua mila zako, kama unasali au kutafakari, unakasirika mara ngapi. Mimi kwa kweli hapo nawavulia kofia. Ni serikali ngapi zimewahi kumuuliza mvuvi wa Katonga analala saa ngapi?

Umoja wa Mataifa uliwasikiliza. Mwaka 2011 Baraza Kuu lilipitisha azimio, kwa pendekezo la Bhutan, kwamba furaha iwe sehemu ya maendeleo, na baadaye tarehe 20 Machi ikatangazwa kuwa siku ya furaha duniani. Ikaanza pia kutolewa ripoti ya kila mwaka inayopanga nchi kwa furaha. Na hapa ndipo Watanzania tulipopata mshtuko: ripoti ya 2018 ilituweka nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Waliofuata nyuma yetu ni Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Burundi ya mwisho kabisa, hawa jirani zetu wa hapa ng'ambo tu. Bhutan yenyewe? Nafasi ya 97. Wengi hawalijui hilo.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ripoti hiyo ina kipimo chake, si kile cha Bhutan. Mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kutoka 0 hadi 10, juu yakiwa maisha bora anayoweza kuyawazia, chini maisha mabaya, kisha aseme yeye amesimama wapi. Mpe ngazi hiyo mama anayekausha dagaa pale Kibirizi. Anaiwazia nyumba ya bati, ada ya watoto, mashine ya barafu. Atasema "niko cha tatu." Halafu atanyanyuka akicheka, aende kumsaidia jirani aliyefiwa. Amesema kweli, tena kweli tupu. Lakini ameulizwa kuhusu ngazi, na kwenye ngazi hiyo kicheko chake hakikuwa na kipandio.

Naomba tusijifiche nyuma ya kicheko hicho, lakini. Kuna tabia mbaya ya kusema "maskini wa Afrika wana furaha, hawahitaji kitu." Anayesema hivyo mara nyingi amekwisha kula. Mama yule anahitaji barafu na ada kweli, na ni haki yake.

Jambo jingine ambalo video haikuonyesha: vijana wa Bhutan wanaondoka. Miaka ya karibuni wametoka kwa maelfu, wengi kwenda Australia kusoma na kufanya kazi, hasa mji wa Perth. Walimu, manesi, watumishi wa serikali. Viongozi wao wenyewe wamelisema hadharani kuwa ni tatizo kubwa. Kwa hiyo, ndugu yangu, unaweza kuuza shamba la michikichi la babu, ukafika Paro, ukapishana uwanjani na kijana wa rika lako ana begi mgongoni, naye anakwenda kuitafuta furaha kwingine. Mngesalimianaje?

Je, kutamani ni kosa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1718, inafundisha kwamba hamu ya furaha Mungu mwenyewe ameiweka ndani ya moyo wa mtu, ili imvute kwake. Basi kutamani furaha si dhambi. Na kuhusu kuwaheshimu Wabuddha, Kanisa lilishatamka tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate: lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo Kanisa halilikatai. Hapa Ujiji tunalijua hilo bila hata kusoma. Tumekulia mitaa ambayo Waislamu ndio wengi, tunapeana futari na pilau ya Krismasi, na hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili ya pilau.

Lakini heshima haina maana kwamba mafundisho ni yale yale. Buddha alifundisha, kwa kifupi sana, kwamba mateso yanatoka kwenye kutamani, kule kung'ang'ania vitu, na njia ya kutoka ni kuuzima huo moto. Ni mafundisho ya kina, na kijana anayeshinda kwenye simu akihesabu "likes" angenufaika nayo sana. Yesu naye anajua tamaa inavyotesa. Ila yeye hauzimi moto, anauelekeza. Fungua Mathayo sura ya 5. Pale mlimani (naye alipanda mlima, mnaona) anawataja watu wenye heri, na miongoni mwao wamo wenye njaa na kiu. Njaa na kiu ya haki. Anawaita wana heri wakiwa bado wana njaa! Anawaita heri pia walio katika huzuni. Hakuwaambia wanyamaze kwanza.

Tulitazame hilo neno letu "heri". Kiswahili kimelichukua kwa Kiarabu, na maana yake ya asili ni wema, jambo jema. Raha ni mwili kutulia. Furaha ni moyo kuchangamka, nayo huja na kupotea. Simba na Yanga wakicheza Jumamosi, nusu ya nchi inakosa furaha kabla ya saa moja usiku. Heri ni kingine. Ukimwambia mtu "safari ya heri" humtakii achekecheke njia nzima. Unamtakia afike. Boti inaweza kupigwa na mawimbi kutoka Kigoma mpaka Kalya, watu wakatapika, wakasali Rozari yote, na safari ikawa ya heri kwa sababu wamefika. Ndiyo maana nadhani waliotutafsiria Injili walichagua vizuri kuliko lugha nyingine ambazo zinabaki na neno la "furaha" tu.

Na kwenye Luka sura ya 6 Yesu anaongeza upande wa pili: ole wao walioshiba na wanaocheka sasa. Je, kucheka ni dhambi? Hapana. Jiulize wanacheka nani akiwa nje ya mlango. Hapo sasa ndipo habari ya nchi ya furaha inapouma.

Kusini mwa Bhutan waliishi watu wenye asili ya Nepali, wengi wao Wahindu, wanaoitwa Lhotshampa. Walikuwa wakulima, vizazi kadhaa. Sheria ya uraia ya 1985 ikawataka waonyeshe kwamba walikuwa wameandikishwa nchini kufikia mwisho wa 1958. Ikafuata siasa ya taifa moja, watu wa aina moja: vazi moja la kitaifa, lugha ya Kinepali ikaondolewa shuleni. Wakaandamana, wakakamatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya watu 100,000 wakajikuta wamefukuzwa au wamekimbia, wakaishia kwenye kambi mashariki mwa Nepali. Walikaa humo karibu miaka 20. Kuanzia 2007 wengi wao wakahamishiwa nchi nyingine, hasa Marekani. Kwa ukubwa wa nchi ile, hao walikuwa kama mtu mmoja kati ya kila sita.

Hawa hawaulizwi kwenye dodoso la nyanja 9. Huwezi kupimwa furaha ya nchi iliyokutoa nje. Silisemi hili ili tuwatukane Wabhutan, wakulima wa bondeni kule hawakuandika sheria hizo. Ila kama unapima furaha ya nyumba, mhesabu na aliyefungiwa nje.

Sisi watu wa mwisho wa reli tunazijua kambi. Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Na wengine mnakumbuka Mei 2015, Burundi ilipochafuka. Makumi ya maelfu ya watu walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mpakani, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Barabara ya maana hakuna, hivyo ikatumika MV Liemba, mama yetu mzee aliyeingia majini tangu 1915. Meli ilikuwa inasimama mbali kidogo, watu wanapelekwa kwa boti, inapakia mamia, inarudi Kigoma, wanashukia na kupelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya Nyarugusu. Safari baada ya safari. Mwaka mmoja kabla, 2014, serikali yetu ilikuwa imetangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi ya mkiani kwenye furaha ndiyo iliyofanya hivyo.

Najua mtakachosema, na mna haki. Kwetu pia kambini mtu hatoki bila kibali, na maneno ya "hawa wakimbizi ndio wezi" tumeyasikia mpaka kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa. Kwa hiyo tusijipigie makofi. Ninachoomba mkione ni kwamba kipimo cha mlimani kinagusa mahali ambapo vipimo vingine havifiki: wenye huruma, wapatanishi, wanaolia. Kwa kipimo hicho Kagunga ya mwezi ule inasomeka tofauti kabisa.

Msidhani pia kwamba Wakatoliki hawajawahi kufika Bhutan. Wazungu wa kwanza wanaojulikana kuingia kule walikuwa mapadre wawili Wajesuiti Wareno, Estêvão Cacella na João Cabral, mwaka 1627. Mtawala aliyeiunganisha nchi ile, Zhabdrung Ngawang Namgyal, aliwapokea kwa ukarimu kwenye nyumba ya watawa ya Cheri, wakakaa naye miezi kadhaa wakijadiliana mambo ya imani, akawa tayari hata wajenge kanisa. Wao wakaendelea mbele kwenda Tibet, na Cacella alifia huko mwaka 1630. Karne tatu baadaye, 1963, Mjesuiti Mkanada, Padre William Mackey, alialikwa kuanzisha elimu ya sekondari. Mahubiri ya hadharani hayakuruhusiwa. Akafundisha hesabu na Kiingereza, akaongoza shule ya Sherubtse ambayo sasa ni chuo, akapewa uraia, akafa huko huko 1995. Hata leo Wakatoliki wa Bhutan wako chini ya Jimbo la Darjeeling la India. Utakayekwenda, usitegemee kengele ya parokia ikuamshe Jumapili.

Ziwani kwetu walifika mapadre wa namna hiyo hiyo. Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, waliingia Ujiji Januari 1879, wakati Ujiji bado ni soko la watumwa. Mkuu wa msafara wao, Padre Pascal, alishafariki njiani. Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop waliuawa Rumonge, upande wa Burundi.

Lakini nikiulizwa nani wa ziwa hili alikuwa na heri, nitamtaja mlei, baba wa familia: Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Wamisionari wakamkomboa Algeria, wakamsomesha utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Tanganyika, kusini mwetu. Akawa daktari na katekista. Akaoa huko, mwanawe mmoja akawa padre. Alitibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu: miaka 67 kijiji kimoja! Kwenye ile ngazi ya vipandio 10, mtu aliyeporwa wazazi, lugha na nchi ya utoto wake angejiweka wapi? Sijui kama swali lenyewe lingemfaa. Alipoitwa usiku, mgonjwa yuko ng'ambo ya bonde, alichukua dawa akaenda.

Kwa yule kijana wetu: nauli ukiipata, nenda, tena uende kwa heshima, uvue viatu mahali wanapovua, ujifunze kwao kulala mapema na kuacha misitu isimame. Wenzetu wavuvi wamelionja hilo mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Waliumia, na wengine walilalamika hadi leo, lakini wanajua kwa nini.

Kazi ya juma hili. Soma Mathayo 5:1–12, halafu Luka 6:20–26, siku hiyo hiyo, usizitenganishe. Kisha nenda kwa mzee mmoja wa jumuiya yako ndogo ndogo, awe bibi au babu, usiende na simu mkononi, umwulize: "Shikamoo bibi, katika maisha yako ni wakati gani ulijiona una heri?" Mwache aongee mpaka amalize. Kama kwenu kuna mtu aliyekuja na Liemba ile ya 2015, au familia iliyotoka Kongo, mwulize na yeye. Jumapili baada ya Misa ya pili tukutane tusikie majibu, na tafadhali njoo na majibu yao, si yako.